N ya Ndiyo

Everlyne Thoya alikuwa na desturi ya kusoma kila kitu hadi mwisho kabla ya kujibu. Alisoma maandishi ya nyuma ya pakiti ya unga, alisoma masharti ya mkataba, na zaidi ya yote alisoma yale maneno meupe yanayoshuka kwenye skrini nyeusi kompyuta inapotaka kuuliza jambo. Katika chuo cha ufundi kilicho nje kidogo ya Magarini, alikokuwa fundi wa kompyuta, wenzake walimwona mzito. Kambi, mwalimu wa ufundi bomba, alisema ukimuuliza Everlyne saa, kwanza atasoma jina la kiwanda kilichoitengeneza saa yenyewe.

Alikuwa amefanya kazi hapo miaka saba, na miaka hiyo saba ilikuwa mikataba saba. Kila mwisho wa Novemba mkataba uliisha, na kila Januari alikaa nyumbani Gede kwa mamake, akisubiri simu ya kumwambia arudi. Mwaka mmoja simu ilikuja tarehe ishirini na sita, vyuo vingine vikiwa vimefunguliwa zamani. Mamake, Kahonzi, alilima mahindi na mihogo. Hakujua kompyuta ila alijua kusubiri, na kila mwisho wa wiki Everlyne alipokwenda nyumbani alimkuta na swali lile lile.

"Hiyo barua yako yaja lini?"

"Mwaka huu, mama. Wamesema."

"Nani kasema?"

"Madam Ndinda."

"Mwaka jana pia alisema yeye."

"Mwaka jana alisema huenda."

Barua hiyo ilikuwa ya ajira ya kudumu. Shirika lililoendesha chuo, pamoja na vyuo vingine vitatu vya pwani, lilikuwa limekubali kumwajiri fundi mmoja kwa kudumu, ukaguzi wa Novemba ukipita salama. Bridgit Ndinda, mkuu wa chuo, alimwonyesha hata barua yenyewe ndani ya faili. Jina lake lilikuwa limeshachapwa. Kilichobaki ni saini. Everlyne aliisoma mara mbili akiwa amesimama, akaona wameandika Evelyne bila r, akaomba kwa sauti ndogo irekebishwe. Ndinda alicheka.

"Wewe hata ukipewa mbingu utatafuta kosa la tahajia."

Kompyuta za chuo zilikuwa thelathini na moja. Zilitoka kwenye hoteli ya Mwitaliano mmoja aliyefunga biashara Watamu akarudi kwao, na zilikuja na mfumo wa Linux uliosema Kiitaliano. Mwaka wa kwanza wanafunzi walijifunza kompyuta kwa lugha hiyo kwa kukariri mahali pa kubonyeza. Mwanafunzi mmoja wa uashi aliamini kwa muhula mzima kwamba Salva, yaani hifadhi kwa Kiitaliano, ni jina la mtu anayehifadhi kazi, akawa anauliza kama Salva yupo leo. Kambi alisema kompyuta hizo zilikuja kutalii zikasahauliwa na basi lao.

Everlyne angeweza kuziweka katika Kiingereza kwa asubuhi moja. Hakutaka. Wengi wa wanafunzi wake walikuwa wameacha shule darasa la saba au kidato cha pili, na alikuwa amewaona wakikaa mbele ya skrini ya Kiingereza kama watu wanaongoja kukaripiwa. Akaweka Kiswahili. Sehemu fulani zilikuwa zimeshatafsiriwa na watu asiowajua, huko waliko. Zilizobaki alizitafsiri mwenyewe, mstari kwa mstari, likizo baada ya likizo, na katika zile Januari za kusubiri. Pale mashine ilipouliza kwa Kiitaliano kama iendelee, ikiweka ndani ya mabano herufi ya kukubali na herufi ya kukataa, yeye aliandika: Unataka kuendelea? [N/h]. N ya ndiyo, h ya hapana. Alimuuliza Fridah, mwalimu wa ushonaji, kama itumike "la" badala ya "hapana".

"La waachie watu wa Mambrui," Fridah akasema. "Sisi tuandikie hapana, tunaijua."

Fridah huyo, kabla ya Kiswahili kuwekwa, alikuwa akimtuma mwanafunzi amwashie kompyuta naye akisimama nyuma amekunja mikono. Sasa aliingiza alama za wanafunzi mwenyewe. Alimshonea Everlyne rinda la kitambaa cha kijani kama shukrani, na alipenda kuwaambia wageni kwamba kompyuta za chuo chao zina adabu, zinaongea lugha ya watu.

Mashine moja kati ya hizo thelathini na moja ilikuwa seva. Ilikaa kwenye chumba cha nyuma, na ndani yake zilitunzwa kumbukumbu za mitihani ya vitendo. Kila mwanafunzi alipomaliza kazi, iwe ukuta, bomba au gauni, ilipigwa picha ikawekwa pamoja na alama za mwalimu. Watahini walitaka picha hizo, kwa maana kazi zenyewe hazikukaa. Ukuta ulibomolewa ili matofali yatumike tena, na magauni yaliuzwa.

Mwisho wa Oktoba shirika liliagiza vyuo vyote vinne viweke programu mpya ya usajili kwenye seva. Ukaguzi ulikuwa Alhamisi, tarehe mosi Novemba. Agizo lilifika Ijumaa iliyotangulia.

Kwenye Linux programu haiji peke yake. Huja kama kifurushi, na kifurushi hicho hutegemea vifurushi vingine, navyo hutegemea vingine tena. Programu mpya ya usajili ilitaka toleo jipya la kifurushi fulani. Ile ya kumbukumbu za mitihani ilitaka toleo la zamani la kifurushi hicho hicho, na mashine haikukubali matoleo yote mawili yakae pamoja. Ilikuwa kama wapangaji wawili katika nyumba yenye choo kimoja, kila mmoja amekuja na kufuli lake.

Everlyne alikaa na tatizo hilo Jumamosi nzima. Hakuweka kitu. Aliiambia mashine ijaribu kwa mdomo tu, ieleze ingefanya nini kama ingeruhusiwa, naye akanakili majibu kwenye daftari. Jibu lilikuwa baya. Ili kumpisha mpangaji mpya, mashine ingeondoa vifurushi sitini na vinne, na katikati ya orodha hiyo, mstari wa arobaini na moja, kilikuwamo kifurushi kilichoshikilia ghala lote la picha na alama. Jumapili alipata njia. Programu ya zamani angeijengea chumba chake ndani ya mashine ile ile, na vifurushi vyake vyenyewe, isiguse vya wengine. Ingechukua siku mbili, na kabla ya kuanza ni lazima kila kitu kinakiliwe pembeni. Diski ya kunakilia alikuwa ameiomba mara tatu kwa maandishi tangu ile ya zamani ilipokufa mwezi wa pili. Maombi yote matatu yalikuwa kwenye faili, bila jibu.

"Nahitaji hadi Jumatano jioni," alimwambia Ndinda Jumatatu asubuhi. "Na diski."

"Everlyne, vyuo vingine wamesema ni kazi ya saa moja."

"Vyuo vingine hawana kumbukumbu kwenye seva. Wanaweka kwenye makaratasi."

"Ukaguzi ni Alhamisi. Hiyo barua yako inategemea Alhamisi, unajua."

"Najua, Madam."

Ndinda alipiga simu makao makuu ya shirika Malindi, na Jumanne saa tatu asubuhi akafika Owen Gitau, mtaalamu wao. Alikuwa kijana wa miaka ishirini na saba hivi, aliyekulia Nairobi, beji shingoni, mwenye heshima ya haraka haraka.

"Wewe ndio Everlyne? Sawa. Nimeambiwa kuna vitu zimegongana."

"Karibu. Nimeziandika zote hapa, na namna ya kuzitenganisha. Imebaki kunakili tu ndipo…"

"Hiyo nitasoma baadaye. Nionyeshe seva."

Gitau aliketi kwenye kiti cha Everlyne. Everlyne akasimama nyuma, daftari mkononi. Ndinda alikuwa mlangoni, na nyuma yake Kambi na Fridah, waliotaka kujua kama chumba cha kompyuta kitapatikana kwa somo la saa nne.

"Hii Kiswahili ni ya wapi, jameni?" Gitau akauliza akitazama skrini. "Vifurushi. Si hiyo ni bando ya simu?"

"Bando ni mtoto wa kifurushi," Kambi akasema. "Mamake ndiye huyo sasa."

Watu wakacheka, hata Gitau, huku vidole vyake vikiendelea kuandika. Everlyne hakucheka kwa sababu alikuwa akisoma. Alimwona akiandika amri ya kuweka programu mpya, na mwishoni akiongeza neno ambalo yeye hakuwahi kulitumia kwenye mashine ile.

"Umeweka neno la kufuta mabaki."

"Ni usafi tu, dada. Kitu ikitoka, itoke na takataka zake."

"Lakini kuna ambavyo havitakiwi kutoka."

"Acha tuone kwanza itasema nini. Si itauliza?"

Ikauliza. Orodha ilishuka, vifurushi sitini na vinne, na chini yake swali alilolitafsiri yeye, na mabano aliyoyaandika yeye. Gitau naye aliona. Si kwamba hakuwa na akili. Aliinama, akapitisha macho kwenye orodha, akaguna.

"Inataka kuondoa ghala," Everlyne akasema. "Kataa kwanza. Tafadhali kataa."

"Naona, naona. Hiyo hapana. Nakataa."

Akabonyeza N, kisha Enta.

Baadaye Everlyne aliurudia muda huo mara nyingi kuliko alivyotaka. Maneno "bonyeza h" yalikuwa mdomoni mwake. Hakuyatoa kwa kuwa aliona ni kumdharau mtu mzima, mwenye beji, mbele ya mkuu wa chuo, kumsomea herufi iliyo mbele ya macho yake. Na Gitau hakusoma herufi. Mkono wake ulikuwa umekataa hivyo maelfu ya mara, kwenye mashine za Kiingereza, na kidole kilikwenda chenyewe.

Mashine ilikubali kwa Kiswahili sanifu. Inaondoa kifurushi. Inaondoa kifurushi. Inafuta mabaki ya ghala la kumbukumbu. Mistari ilishuka, ngeli zimepatana kila mahali, kazi ya Januari zake.

"Mbona inaendelea?" Gitau akasema. "Si nimesema no?"

"Umesema ndiyo."

Everlyne alimpita, akainama chini ya meza, akachomoa waya wa umeme ukutani. Chumba kikanyamaza. Walipoiwasha tena, kumbukumbu za kuanzia Januari hazikuwapo. Zilizopatikana ni za miaka iliyopita, zile ambazo nakala zake zilikuwa zimeshapelekwa kwa watahini.

Wakaguzi walikuja Alhamisi, wakaandika kwamba ushahidi wa mitihani ya vitendo haukupatikana, wakanywa chai, wakaondoka. Wiki iliyofuata kamati ilikaa ofisini kwa Ndinda, wote waliokuwapo siku ile wakiwa wameitwa, chini ya uenyekiti wa mwakilishi wa shirika, mwanamume mpole aliyetaja jina la kila mtu kabla ya kumuuliza. Ripoti ya Gitau ilikuwa na aya tatu. Lugha ya mfumo ilibadilishwa bila idhini. Fundi wa chuo alichomoa umeme kazi ikiwa inaendelea. Hakukuwa na nakala ya akiba. Herufi N haikutajwa mahali popote. Ilibidi Everlyne aieleze mwenyewe, na kadiri alivyoieleza ndivyo ilivyozidi kufanana na kisingizio.

"Bi Everlyne," mwakilishi akasema, "kitufe cha N kwenye kompyuta maana yake ni nini?"

"Inategemea lugha, bwana."

"Duniani, namaanisha. Kwa kawaida."

"Kwa Kiingereza ni hapana. Kwa Kiitaliano pia. Kwetu hapana inaanza na h."

"Kwa hivyo ulijua kwamba dunia inaitumia N kukataa, nawe ukaigeuza iwe kukubali."

"Neno ndiyo sikulianzisha mimi, bwana. Nililikuta."

Kambi alicheka kidogo kisha akakohoa. Mwakilishi aliandika kitu. Everlyne aliomba faili lifunguliwe, yaonekane maombi yake matatu ya diski. Ndinda alisema faili liko kwa mhasibu, na mhasibu ameenda Mombasa. Kisha mwakilishi akamgeukia Fridah, akamuuliza kama walimu ndio walioomba Kiswahili.

Fridah alitazama kucha zake. Mkataba wake pia ungeisha Novemba hiyo.

"Mimi Kiingereza hakinisumbui," akasema. "Kusema kweli hicho Kiswahili cha kompyuta kilikuwa kigumu kidogo. Tulikizoea tu."

Gitau alipoulizwa kama ana la kuongeza, alisema ripoti inajieleza. Walipotoka alimsubiri Everlyne kwenye veranda.

"Dada, pole. Mkono umezoea, unaelewa. Sikuona."

"Kwa nini hukulisema hilo ndani?"

"Ndani ni ndani." Alishusha sauti. "Hata mimi niko kwa kandarasi."

Uamuzi ulikuja kwa mdomo, kupitia kwa Ndinda, ambaye siku hiyo hakumkaribisha kiti. Barua haingetiwa saini. Mkataba uliopo ungeisha tarehe thelathini na haungefuatwa na mwingine. Kabla ya hapo, kwa kuwa hakuna mwingine chuoni anayejua, amalize ule mgongano wa vifurushi na azirudishe kompyuta zote kwenye Kiingereza.

"Ningekusaidia kama ningeweza," Ndinda akasema.

"Faili limerudi kutoka kwa mhasibu?"

"Everlyne, usinifanye nionekane mbaya."

Nyumbani Gede mamake alikuwa akimenya mihogo. Alisikiliza bila kuacha kisu.

"Kwani ulikosa nini hasa?"

"Niliandika Kiswahili, mama."

"Kwani wao huko wasema lugha gani?"

Everlyne akaokota maganda yaliyoanguka. Mamake alikuwa ameshawaambia majirani kuhusu barua. Aliendelea kumenya, akasema kwamba atakayeuliza ataambiwa haijafika.

Kazi ya kutenganisha vifurushi ilichukua siku mbili, kama alivyosema. Alifuata daftari lake, ukurasa kwa ukurasa. Alikijenga kile chumba, akaiweka ndani programu ya zamani na vifurushi vyake, akaweka ile mpya nje, na zote mbili zikafanya kazi kwa mara ya kwanza bila hata onyo. Hakukuwa na mtu wa kumwonyesha. Gitau alifika siku iliyofuata, akaomba daftari kwa adabu, akazipiga picha kurasa kumi na mbili kwa simu. Hatua hizo zilipelekwa kwenye vyuo vyote vinne zikiwa zimechapwa vizuri, na juu yake imeandikwa kwamba zimetayarishwa na Idara ya TEHAMA, Makao Makuu. Waliacha kosa moja la tahajia alilolifanya Everlyne kwa haraka, kwa hiyo hakuweza kujidanganya kwamba labda waliandika za kwao.

Wanafunzi walirudia kazi. Waashi waliujenga ukuta upya wakaupiga picha. Vivian, msichana wa ushonaji aliyekuwa na alama za juu kuliko wote, alilifuata gauni lake hadi Mambrui kwa bibi harusi aliyelinunua, akalikuta limekatwa mikono na kutiwa rangi nyingine. Alilipiga picha likiwa kwenye kamba ya nguo. Fridah alimwambia kwamba kwa hali hiyo hawezi kumpa alama zile za kwanza.

Kompyuta alizirudisha kwenye Kiingereza moja baada ya nyingine. Njia ya kuzigeuza zote kwa pamoja ilikuwapo, na aliijua. Hakuitumia. Kila moja alisoma orodha ya vitakavyoondolewa, ambavyo vilikuwa maneno yake, akakubali, akasogea kwenye inayofuata. Walimu walipita mlangoni. Kambi peke yake ndiye aliyeingia, akakaa kwenye dawati.

"Sasa wale wa bomba watajua wapi pa kubonyeza?"

"Watakariri. Kama wakati wa Salva."

"Huku nje wanakuita Bi Ndiyo," Kambi akasema. "Nimeona nikwambie mimi."

"Ungewaambia waache."

"Ningewaambia." Alichezea kibodi kidogo. "Lakini nilicheka pia."

Tarehe thelathini ilikuwa Ijumaa. Alikabidhi funguo, akatia saini fomu, na mahali palipoandikwa sababu ya kuondoka palikuwa pameshajazwa: mkataba umekwisha. Saa kumi na moja na dakika ishirini alirudi kwenye chumba cha kompyuta kuchukua mkoba. Vivian alikuwa peke yake mbele ya mashine ya dirishani, akiingiza ile picha ya Mambrui. Skrini ilikuwa imemuuliza jambo kwa Kiingereza, naye alikuwa amekaa mikono mapajani.

"Mwalimu, samahani. Hapa inauliza nini?"

Everlyne alikuwa karibu vya kutosha kusoma. Ilikuwa ikiuliza kama afute picha ya zamani yenye jina hilo hilo. Picha ya zamani haikuwapo tena, lakini jina lilibaki.

"Mkataba wangu umeisha saa kumi na moja," akasema.

"Nibonyeze hii Y au hii N?"

"Muulize Mwalimu Fridah. Kiingereza hakimsumbui."

Vivian alimtazama kuona kama ni mzaha. Everlyne alichukua mkoba wake, akatoka, akaandika jina lake na saa ya kutoka kwenye daftari la mlinzi. Alipokuwa akivuka uwanja alijua kwamba msichana yule hakumkosea lolote. Nyuma yake dirisha lilikuwa wazi, na angesikia kama angeitwa. Hakuitwa, naye hakurudi.